Namna ya Kuandika Historia ya Malezi Yako

Mtu mzima akiulizwa yeye ni nani hujibu bila kusita: hutaja jina, kabila, dini, kazi na mahali anakotoka. Majibu hayo ni ya kweli, lakini hayaonyeshi yalikopatikana. Hakuna mtoto aliyezaliwa akijua kwamba yeye ni Mhaya au Msabato, kwamba mkubwa huamkiwa kwa shikamoo, au kwamba mwanamume halii mbele za watu. Kila moja ya mambo hayo alifundishwa na mtu fulani, mahali fulani, na mara nyingi hapakutangazwa kwamba kuna somo. Wataalamu wa elimu ya jamii huyaita mafunzo hayo ujamiishaji; hapa nitayaita malezi, kama tulivyozoea.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kuandika historia ya malezi yako mwenyewe, ili uone jinsi utamaduni uliokulea ulivyoijenga nafsi yako na ulivyokuweka ndani ya makundi unayoyaita yako. Unamfaa mwanafunzi aliyepewa zoezi kuhusu utambulisho, mzazi anayetaka kujua anachowarithisha watoto wake, na mtu anayeishi mbali na kwao ambaye watoto wameanza kumuuliza maswali. Kazi yenyewe haihitaji elimu kubwa. Inahitaji daftari, simu yenye kinasa sauti, miezi michache ya subira, na sharti moja ninalokuomba ulishike tangu ukurasa wa kwanza: usiandike “utamaduni wetu unasema” mpaka umemtaja mtu aliyesema, mahali aliposemea, na umri uliokuwa nao wakati huo. Utamaduni hauna mdomo wake wenyewe. Husemwa na bibi, mjomba, mwalimu wa zamu, jirani mwenye fimbo na watoto wenzako uwanjani, na ukiwakosa hao katika maandishi yako utabaki na maneno ya jumla ambayo yangeweza kuandikwa na mtu yeyote kuhusu mtu yeyote.

Anza na majina yako yote

Ukurasa wa kwanza uwe wa majina. Andika kila jina ulilowahi kuitwa, pamoja na majina ya utani na yale yaliyoachwa njiani, kisha mbele ya kila jina uandike ni nani alilichagua, kwa sababu gani, na ni nani anayelitumia hadi leo. Jina ni jambo la kwanza ambalo jamii humwambia mtoto kuhusu yeye ni nani, nalo husemwa kabla hajaweza kukubali wala kukataa. Kwa Wakikuyu, mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba na wa pili jina la babu mzaa mama. Wa kwanza wa kike huitwa kwa jina la bibi mzaa baba na wa pili kwa jina la bibi mzaa mama, hivyo mtoto hukua akijua ameshika nafasi ya nani. Kwa Wajaluo, Otieno na Atieno walizaliwa usiku, Okoth na Akoth wakati wa mvua. Usukumani, Kulwa na Doto ni mapacha, na anayewafuata ni Shija. Pwani na bara kwa pamoja utawakuta akina Chausiku, Mwajuma, Mashaka na Shida, ambao majina yao yalihifadhi saa, siku au hali ya nyumba waliyozaliwa.

Mfano unaojulikana na wengi ni wa Mwalimu Nyerere. Alizaliwa Butiama mwaka 1922, mtoto wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki, akapewa jina la Kambarage, ambalo ni la mzimu wa mvua, kwa kuwa siku hiyo ilikuwa ikinyesha. Meno yake ya mbele yalichongwa kwa desturi ya Kizanaki. Mwaka 1943 alibatizwa akawa Julius, na jina la baba yake ndilo ambalo dunia ilimjua kwalo. Majina hayo matatu yalitoka kwa walezi watatu tofauti, yaani wazee wa Butiama, Kanisa Katoliki na utaratibu wa shule na serikali wa kumtambua mtu kwa jina la baba. Ukiyaandika yako kwa namna hiyo, utaona mapema kwamba hukulelewa na utamaduni mmoja.

Liangalie kwa makini jina la shuleni. Wengi wetu tulipata kile kinachoitwa jina la ukoo siku mwalimu wa darasa la kwanza alipofungua rejesta na kuuliza jina la baba. Kama nyumbani uliitwa kwa jina moja na shuleni kwa lingine, andika ulikuwa mtoto wa namna gani chini ya kila jina, kwa sababu mara nyingi tabia nazo hugawanyika hivyo hivyo.

Eleza tendo moja, hatua kwa hatua

Baada ya majina, usikimbilie mila kubwa kama harusi na matambiko. Chagua tendo dogo la kila siku ambalo mwili wako unalifanya bila kufikiri, kisha ulieleze kana kwamba unamwandikia mtu ambaye hajawahi kuliona. Kuamkia kunafaa, kupokea kitu kwa mikono miwili kunafaa, kupisha kiti kunafaa. Mimi hupendekeza kula pamoja kwenye sinia, kwa kuwa ndani ya tendo hilo moja mna karibu kila kitu ambacho mtoto anapaswa kukijua kuhusu nafasi yake katika nyumba.

Mtoto mdogo kuliko wote, au binti wa nyumba, ndiye anayeleta jagi la maji na beseni. Anaanza kumnawisha mgeni, kisha babu au baba, kisha wengine kwa umri, naye ananawa mwisho. Kila mtu anakula upande uliomkabili. Mkono haupiti juu ya mkono wa mwenzako kwenda kutafuta mchuzi. Nyama haiguswi. Imekaa katikati, kila mtoto anaiona na kuihesabu kwa macho, lakini itagawiwa na mkubwa karibu na mwisho wa chakula, na anayeidokoa mapema ataambiwa ana uroho mbele ya wote. Mkubwa akiacha kula, mdogo anajua kwamba kilichobaki ni chake, na kwamba ndiye atakayetoa sinia. Katika nyumba nyingi sinia la wanaume liko barazani na la wanawake na watoto wadogo liko uani, na mvulana anakumbuka siku aliyoambiwa ahame kutoka sinia moja kwenda lingine.

Ukishaandika hatua zote, rudi juu na kwa kila hatua uongeze mambo mawili: ni nani aliyekusahihisha ulipokosea, na kwa njia gani. Wachache watakumbuka maneno. Wengi watakumbuka jicho la mama, lile linalomjia mtoto ugenini anapokaribishwa chakula na kabla hajajibu anamtazama mama kujua kama aseme ahsante nimeshiba au asogee mezani. Mafunzo ya aina hiyo hayana maneno, ndiyo maana mtu mzima huyaona kuwa ni tabia yake ya asili. Kuyaandika ndiyo njia ninayoijua ya kuyatoa mahali yalipojificha.

Linganisha pia na ndugu yako wa jinsia nyingine. Muulize aeleze tendo hilo hilo. Mahali ambapo maelezo yenu yanaachana ndipo mlipofundishwa kuwa mwanamume na mwanamke, na mara nyingi mtagundua kwamba mlikuwa mmekaa chumba kimoja, na mlezi mmoja akawapa masomo mawili.

Orodhesha waliokufunza

Sasa una uwezo wa kutaja watu. Tenga kurasa kadhaa, ukurasa kwa kila mlezi, ukianza na wale wa nyumbani. Msaidie msomaji wako kwa kueleza mlezi huyo alikuwa na mamlaka gani, kwa kuwa mamlaka hayafanani kila mahali. Kwa Waluguru na Wamakonde, ambao ukoo wao hufuata upande wa mama, mjomba alikuwa na kauli juu ya mtoto ambayo baba mzazi hakuwa nayo. Mluguru anayeandika historia ya malezi yake bila kumhoji mjomba ameacha nusu ya habari nje. Kwa Wamasai, rika ni mlezi kamili: kijana hupita kutoka ulayoni, yaani uvulana, kwenda umorani, yaani ujana wa askari, na kisha uzee pamoja na wenzake wa rika moja, na kosa la mmoja huwa aibu ya wote.

Usimsahau mwalimu wa madrasa au katekista, wala watoto wa mtaani kwenu. Kundi la watoto wanaocheza kombolela au rede jioni hufundisha haki, ujanja na aibu kwa kasi kuliko mzazi yeyote, na sheria zake hazina huruma.

Kuhusu jando na unyago nitasema zaidi, kwa sababu hapo jamii yenyewe hukiri wazi kwamba inamtengeneza mtu upya. Mwali huwekwa ndani akiwa mtoto na kutolewa akiwa mtu mzima. Hubadilishiwa mavazi, hufundishwa nyimbo na mafumbo, na akitoka hutarajiwa kuzungumza na wakubwa kwa namna nyingine. Kungwi na somo ni walimu wenye sifa, na jamii inawajua kwa majina yao. Bi Kidude wa Zanzibar, ambaye wengi wanamkumbuka kwa taarab, alikuwa pia mwalimu wa unyago kwa wasichana wa vizazi vingi hadi alipofariki Aprili 2013. Mijini mafunzo hayo yamekusanywa ndani ya kicheni pati ya jioni moja, na naona tumepoteza kitu hapo: mafunzo ya unyago yalimpa binti muda wa kuuliza, na ukumbini mwenye kipaza sauti ndiye anayesema. Ukipitia jando au unyago, andika ulivyobadilika wewe na walivyobadilika waliokuzunguka, lakini yale uliyoapa kutoyatoa nje yaache huko yaliko. Historia yako haitapungua uzito kwa kuwa na mlango uliofungwa.

Kama ulipitia jambo lililokuumiza, una haki ya kuliita kwa jina lake. Ukeketaji umekatazwa kwa watoto wa kike wenye umri chini ya miaka 18 nchini Tanzania tangu mwaka 1998, na Kenya ilitunga sheria yake maalumu mwaka 2011. Aliyefanyiwa na kuambiwa kwamba huo ndio uanamke wake anaweza kuandika yote mawili kwa pamoja: kwamba aliumizwa, na kwamba siku ile alipokelewa na wanawake wa ukoo wake kama mmoja wao. Kufuta nusu moja ili nyingine ionekane safi kutamnyima msomaji uwezo wa kuelewa kwa nini desturi hudumu.

Ongeza shule na serikali

Watu wengi wakiandika kuhusu utamaduni huishia kwenye uzio wa nyumba ya bibi. Hilo ni pungufu kubwa, hasa kwa Watanzania na Wakenya, kwa kuwa dola zetu zimefanya kazi kubwa ya kutufundisha sisi ni nani, na kila nchi imefundisha kwa njia yake.

Mtoto wa shule ya msingi Tanzania aliondoka nyumbani alfajiri akiwa na kidumu cha maji na ufagio wa chelewa. Alipofika alishika namba, akakimbia mchakamchaka akiimba, akafagia eneo aliloandikiwa, akasimama mstarini kukaguliwa kucha na nywele, akaimba wimbo wa taifa, kisha darasani akasimama pamoja na wenzake arobaini au zaidi kusema kwa sauti moja: shikamoo mwalimu. Hayo yote yalifanyika kwa Kiswahili, wala hayakumuuliza kabila lake. Baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967, Elimu ya Kujitegemea iliongeza shamba la shule na miradi. Waliofaulu walipangiwa shule za bweni za mbali, hata Mnyakyusa akajikuta Tabora na Mgogo akajikuta Moshi. Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa mwaka 1963, liliwachanganya vijana kambini. Mafunzo ya lazima yalisitishwa mwaka 1994 na kurejeshwa mwaka 2013. Sensa ya mwaka 1967 ilikuwa ya mwisho kuuliza raia wa Tanzania kabila lake. Kenya huuliza na kuchapisha takwimu hizo, na watoto wengi wa Kenya wa vizazi vilivyopita wanakumbuka kibao kilichovalishwa shingoni mwa aliyesikika akisema lugha ya mama shuleni, akibeba aibu hiyo mpaka amnase mwingine.

Mafunzo hayo yana matokeo yanayopimika. Mwaka 2004 mchumi Edward Miguel alichapisha utafiti uliolinganisha Busia, magharibi mwa Kenya, na Meatu, kaskazini mwa Tanzania. Busia, palipokuwa na mchanganyiko mkubwa wa makabila, michango ya wenyeji kwa shule ilipungua. Meatu, mchanganyiko haukuwa na athari hiyo. Alihusisha tofauti hiyo na sera za ujenzi wa taifa, ikiwemo Kiswahili na mitaala ya shule. Kwa hiyo ukifika sehemu hii ya daftari lako, andika ratiba ya siku moja ya shule yako tangu kengele ya kwanza hadi ya mwisho, kisha ujiulize kila kipengele kilikuwa kinakufundisha kuwa mwanachama wa nini.

Hata makundi tunayoyadhani kuwa ya kale sana yana tarehe. Jina la Wamijikenda, linalowakusanya Wagiriama, Wadigo, Waduruma, Warabai na wenzao hadi kufika tisa, lilishika mizizi katika miaka ya 1940. Kabla yake watu wengine waliwaita Wanyika. Jina la Wakalenjin nalo ni la miaka hiyo hiyo. Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa, waliishi Kenya kwa vizazi bila vitambulisho, wakaenda Nairobi kwa miguu Oktoba 2016 kudai uraia, na mwanzoni mwa mwaka 2017 wakatangazwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Wapemba wa Kilifi na Kwale walitambuliwa mwaka 2023. Hakuna anayeweza kusema kwamba Wamakonde hao hawakuwa Wamakonde kabla ya tangazo. Kilichobadilika ni mahali walipowekwa katika orodha ya taifa, na mtoto wao aliyezaliwa baada ya hapo atakua akijua jambo ambalo babu yake hakuweza kulisema mbele ya polisi. Tafuta basi jina la kundi lako lilianza kutumika lini, na kwa uamuzi wa nani.

Chora mpaka, kisha uone aliyeuchora

Utambulisho wa kijamii hauishii kwenye “sisi”; huhitaji pia “wao”. Andika orodha ya watu ambao utotoni uliambiwa si wenzako, na maneno yaliyotumika kuwaeleza. Sehemu hii ni ngumu, kwa kuwa maneno mengine ni ya kutweza na waliotuambia ni watu tunaowapenda. Yaandike hata hivyo, kwa uaminifu, katika nakala yako ya kwanza.

Jambo litakalokusaidia ni kujua jinsi mpaka unavyochoreka kwa urahisi. Henri Tajfel alizaliwa Poland mwaka 1919 katika familia ya Kiyahudi, akasoma Ufaransa, akapigana katika jeshi la Ufaransa na kutekwa na Wajerumani. Vita vilipokwisha alikuta karibu jamaa zake wote wameuawa. Baadaye akawa mwanasaikolojia, na mwanzoni mwa miaka ya 1970, huko Bristol, Uingereza, yeye na wenzake waliwagawa wavulana wa shule katika makundi mawili wakiwaambia kwamba wengine wamependelea picha za mchoraji Klee na wengine za mchoraji Kandinsky. Wavulana hao hawakuambiwa ni nani mwingine aliyemo katika kundi lao, wala hawakuwa na ugomvi wowote wa zamani. Hata hivyo, walipopewa nafasi ya kugawa fedha kwa wengine, walilipendelea kundi lao.

Jamii zetu zilijua hatari hiyo na zikaitengenezea utani. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali katika nusu ya pili ya karne ya 19, na wajukuu wao leo ni watani. Msibani mtani anaweza kuigiza sauti na mwendo wa marehemu mbele ya wafiwa, au kulizuia jeneza mpaka apewe chochote, na hakuna anayekasirika. Mpaka upo, kila mmoja anaujua, lakini umepewa kazi nyingine. Ninaona huo ni uvumbuzi mkubwa wa kijamii, na ungestahili kufundishwa shuleni kwa uzito ule ule unaopewa tarehe za vita vyenyewe.

Angalia pia jinsi mpaka unavyomhama mtu anapohama. Wazanzibari wengi wenye asili ya Oman waliitwa Waarabu visiwani. Waliokwenda Oman baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, na wale waliofuata baada ya mwaka 1970 Sultani Qaboos aliposhika madaraka, walifika Muscat wakaitwa Wazanzibari, na Kiswahili chao kikawa alama yao. Kama umewahi kuhama, hata kutoka Ukerewe kwenda Dar es Salaam, andika ulichoitwa kabla na ulichoitwa baada.

Tafuta mahali panapogongana

Nafsi unayoijua wewe na nafasi uliyopewa na jamii huweza kukaa pamoja miaka mingi bila kugombana. Tatizo hujitokeza kwenye ndoa, kwenye urithi na, kuliko popote, kwenye maziko. Kesi ya wakili S. M. Otieno wa Kenya inafaa kusomwa na kila anayeandika kuhusu jambo hili. Otieno, Mjaluo aliyeishi na kufanya kazi Nairobi, alifariki tarehe 20 Desemba 1986. Mkewe Wambui, Mkikuyu, alitaka kumzika katika shamba lao la Upper Matasia, Ngong. Ukoo wa marehemu, Umira Kager, ulidai azikwe Nyalgunga, Siaya. Upande wa mjane ulieleza maisha ya mtu wa mjini, msomi, aliyewalea watoto wake nje ya mila za Kijaluo. Upande wa ukoo ulieleza kwamba Mjaluo huzikwa kwao, na kwamba nyumba ya mjini haigeuki kuwa kwao kwa sababu tu ameishi humo. Tarehe 15 Mei 1987 Mahakama ya Rufaa iliupa ukoo ushindi, ikisema kwamba, kwa hali ilivyokuwa, Mwafrika raia wa Kenya hana njia ya kujivua uhusiano na kabila la baba yake pale ambapo mila za kabila hilo hufuata upande wa baba. Alizikwa Nyalgunga tarehe 23 Mei, miezi mitano baada ya kufa.

Mimi naamini mjane alionewa, maana mtu aliyeishi naye kwa zaidi ya miaka 20 alikuwa shahidi mkubwa wa alivyojiona mwenyewe. Lakini ukisoma hoja za ukoo kwa utulivu utaona kwamba nao walikuwa wakimtetea mtu waliyemjua kweli. Otieno alikuwa wote wawili. Zoezi lako ni kujibu kwa maandishi: ukifa leo, utazikwa wapi, kwa ibada gani, na nani atakuwa na kauli ya mwisho? Waulize mwenzi wako, mzazi wako na mkubwa wa ukoo swali hilo hilo kila mmoja peke yake. Majibu yakifanana, andika ni malezi gani yaliyoyafananisha. Yakitofautiana, umeipata sura muhimu kuliko zote katika historia yako, na pengine umepata pia sababu ya kuandika wosia mapema.

Namna ya kuwahoji wazee

Usifike na maswali mkononi. Nenda na sukari au majani ya chai, amkia, kaa, pokea habari za nyumbani zote, na siku ya kwanza usitoe hata daftari. Omba ruhusa ya kurekodi kwa maneno yanayoeleweka, ukisema sauti hiyo itasikilizwa na nani.

Usiulize “mila zetu zilikuwaje?” kwa kuwa utajibiwa hotuba. Uliza vitu na matukio: nani alikata kitovu changu, nilinyolewa lini, nilipigwa kwa kosa gani, mlicheka nini nilipoanza kusema. Kwa kuwa wazee wengi hawashiki miaka, shikilia matukio. Mvua kubwa za mwaka wa Uhuru, 1961, zinakumbukwa. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1973 hadi 1976, iliyowahamishia watu katika vijiji vya ujamaa, inakumbukwa na kila aliyebomolewa nyumba. Vita vya Kagera vilianza mwaka 1978 vikamalizika 1979. Msako wa wahujumu uchumi ulikuwa 1983. Mvua za El Nino zilikuwa za 1997 na 1998. Kwa Wakenya, kuna Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952 na jaribio la mapinduzi la tarehe 1 Agosti 1982. Ukiuliza “nilikuwa nimeanza kutembea?” badala ya “ilikuwa mwaka gani?”, utapata tarehe iliyo karibu na ukweli.

Wahoji wanawake mbali na wanaume, na kila tukio lisikilize kwa watu wawili. Wakipingana, usiamue nani mkweli. Andika masimulizi yote mawili na uhusiano wa kila msemaji na wewe, maana shangazi na mama huwa hawamkumbuki mtoto mmoja.

Kuandika nakala ya mwisho

Panga maandishi kwa kufuata walezi, badala ya kufuata miaka, kwa sababu mlezi mmoja anaweza kuwa amekugusa ukiwa na umri wa miaka mitano na tena ukiwa na ishirini. Mwishoni mwa kila sura andika mambo matatu kwa sentensi fupi: nilichopokea, ninachoendelea nacho, nilichokiacha na kwa nini. Mzazi anayewalea watoto Minneapolis au Leicester ataona faida ya sehemu hii upesi, kwa kuwa atajua ni mambo gani hasa anataka kuwapa, akaacha kuwalaumu watoto kwa kutokuwa na “utamaduni” ambao hakuna aliyewaonyesha. Shikamoo haitashikwa na mtoto anayeisikia mara moja kwa mwaka kwenye simu ya bibi; itashikwa kama nyumbani humo kuna mkubwa anayeamkiwa kila asubuhi na anayejibu marahaba kwa moyo.

Kabla ya kumpa mtu yeyote asome, mpelekee kila aliyetajwa na ambaye yu hai sehemu inayomhusu, au umsomee kama hasomi. Ondoa ugonjwa wa mtu, deni la mtu na siri ya mtoto wa nje ya ndoa, isipokuwa mwenyewe ameridhia. Maneno ya kutweza uliyoyaandika katika sehemu ya mipaka yabaki kwenye nakala yako ya kwanza, na katika nakala ya kusomwa ueleze tu kwamba yalisemwa na yalikufanya umwoneje mtoto wa jirani. Chapa nakala mbili, moja ikae kwako na nyingine kwa ndugu anayeishi mbali na wewe, na rekodi za sauti zihifadhiwe mahali pawili zikiwa na jina la msemaji na tarehe. Acha kurasa tupu nyuma ya daftari kwa ajili ya ndugu zako, ambao wakisoma watakuja kukuambia kwamba sinia lile halikuwa barazani, na kwamba aliyedokoa nyama siku ile ulikuwa wewe.